POVU KATIKA MKOJO: HUTOKA WAPI, NA LINI TUOGOPE?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Huenda baadhi yenu mtacheka mtakapoona kichwa cha makala haya. Hata mhariri wetu alinitazama mara mbili nilipomletea. Lakini nawaomba msome mpaka mwisho, kwa maana jambo lenyewe lilianza kwa mzaha, nalo halikwisha kwa mzaha.

Katika bweni letu, kama katika mabweni mengi ya wavulana, kuna imani ya kwamba mkojo wenye povu ni dalili ya uanaume. Ambaye mkojo wake hautoi povu huambiwa kwamba bado ni mtoto, na ambaye povu lake ni jingi husifiwa. Mwaka jana tulikuwa tukishindana usiku kabla ya taa kuzimwa. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina ingawa ameniruhusu kuandika habari zake, alitushinda sote. Povu lake lilikuwa jeupe na zito kama la sabuni, na lilibaki pale pale hata sisi tulipokwisha kuondoka. Tukampa jina la Jemadari. Alilifurahia sana jina hilo, nami nilikuwa mmoja wa waliompigia makofi.

Baada ya majuma kama matatu Jemadari alianza kuamka na uso uliovimba, hasa kuzunguka macho. Tulimwambia kwamba amelala mno. Jioni viatu vilimbana, na soksi zikaacha alama miguuni. Tulimwambia kwamba viatu vyake ni vidogo. Akaenda katika duka la dawa, akauziwa vidonge vya ugonjwa wa njia ya mkojo bila kupimwa, akavimeza siku tano. Hali ikawa ile ile. Bibi yake alipopata habari kwa simu alisema kwamba mjukuu wake amekanyaga dawa ya mchawi, arudishwe nyumbani haraka. Ndipo asubuhi moja mwalimu wa zamu alipomwona mstarini, akamwita, akabonyeza mguu wake kwa kidole. Shimo likabaki palipobonyezwa. Siku ile ile akampeleka hospitali.

Huko mkojo wake ulipimwa, na daktari akamwuliza swali ambalo lilitunyamazisha sote tulipohadithiwa: "Je, mkojo wako hutoa povu? Tangu lini?"

Basi lile tulilolipigia makofi ndilo lililokuwa dalili ya ugonjwa. Tangu siku ile nimekuwa nikimwuliza mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, na nikasoma vitabu, ili nijue povu hutoka wapi. Haya ndiyo niliyojifunza.

FIGO NA KAZI YAKE

Kila mtu mwenye afya ana figo mbili, kila moja ukubwa wake karibu sawa na ngumi. Zimekaa nyuma ya tumbo, upande huu na upande huu wa uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna machujio madogo sana yapatayo milioni moja. Damu hupita katika machujio haya, na kwa siku moja maji yapatayo lita 180 huchujwa. Karibu yote hurudishwa mwilini, na yanayobaki, kiasi cha lita moja au mbili, hutoka pamoja na taka. Huo ndio mkojo.

Yafaa tufananishe figo na kung'uto la nazi. Tui hupita, machicha hubaki. Katika figo, maji, chumvi na taka hupita, bali chembe za damu na protini hubaki katika damu, kwa sababu mwili unazihitaji. Protini iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu huitwa albumini. Hiyo huyashika maji yasitoke katika mishipa na kujaa katika nyama ya mwili. Mtu mwenye afya hupoteza protini kidogo sana katika mkojo, chini ya miligramu 150 kwa siku. Lakini kung'uto likitoboka machicha hupita, na vivyo hivyo chujio la figo likiharibika albumini hupita. Kwa wagonjwa wengine hutoka gramu tatu na nusu kwa siku, au zaidi. Hapo damu hupungukiwa na protini, figo nazo hushikilia chumvi na maji, na maji hujaa chini ya ngozi. Kwa hiyo uso huvimba asubuhi, na miguu huvimba jioni.

JARIBIO LA YAI

Mwalimu alituonyesha jaribio ambalo kila msomaji aweza kulifanya nyumbani. Chukua chupa mbili safi, zisizo na sabuni hata kidogo. Katika ya kwanza tia maji matupu. Katika ya pili tia maji kiasi kile kile pamoja na kijiko cha ute mweupe wa yai. Zifunge, uzitikise mara kumi, kisha uziweke mezani.

Katika chupa ya maji matupu mapovu hutokea, bali hupasuka mara moja. Katika chupa ya yai povu hukaa. Tulipoirudia baada ya dakika kumi bado lilikuwapo. Sababu ni kwamba protini hujipanga juu ya maji na kutengeneza utando mwembamba, nao huzuia mapovu yasipasuke upesi. Ute wa yai nao una protini. Basi mkojo wenye protini nyingi hufanya kama maji ya yai.

Jambo hili si geni. Katika maandiko ya zamani yanayoitwa ya Hippocrates, mganga wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, imeandikwa kwamba mapovu yanayokaa juu ya mkojo huonyesha ugonjwa wa figo. Mwaka 1827 Daktari Richard Bright wa London alitoa kitabu juu ya wagonjwa waliovimba mwili. Aliupasha mkojo wao moto katika kijiko juu ya mshumaa, nao ukaganda kama yai linavyoganda likipikwa. Wagonjwa hao walipokufa alizichunguza figo zao, akaziona zimeharibika. Hivyo akaunganisha mambo matatu: mwili uliovimba, protini katika mkojo, na figo zilizougua.

POVU LISILO NA HATARI

Sasa nisije nikawatia watu hofu bure. Mara nyingi povu halina ubaya wowote, na sababu zake ni hizi.

Kwanza, nguvu ya mkojo wenyewe. Mkojo ukitoka kwa kasi na kuanguka kutoka juu, huchanganyika na hewa na kutoa mapovu, kama maji ya bomba yanavyofanya ndoo ikiwa chini. Mapovu haya ni makubwa, nayo hupasuka upesi. Hii ndiyo sababu ya povu la wengi tulioshindana. Halionyeshi uanaume, huonyesha tu kwamba mtu alikuwa amebanwa.

Pili, sabuni na dawa za kusafishia choo. Siku ya usafi wa mabweni kila mmoja wetu alikuwa na povu.

Tatu, upungufu wa maji mwilini. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, jua la Tabora ni kali sana. Mtu asiyekunywa maji ya kutosha hupata mkojo mzito wenye rangi ya njano iliyokolea, nao hutoa povu kwa urahisi zaidi. Akinywa maji, rangi hufifia na povu hupungua.

Nne, kwa mvulana aliyekwisha kubalehe, mabaki ya mbegu za kiume yaliyosalia njiani huweza kuleta povu kidogo. Ni jambo la kawaida, wala si ugonjwa.

Tano, kazi ngumu, na homa kali. Hapa protini yenyewe hupita kidogo katika figo zilizo nzima, na baada ya siku moja au mbili za kupumzika, au homa ikipona, hukoma. Muhula uliopita tulikwenda kwa miguu mpaka Kwihara kuitazama tembe alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872. Tulikwenda na kurudi juani, nasi tulikuwa tumebeba chakula na maji tu. Niliwakumbuka wapagazi wa zamani, wengi wao Wanyamwezi, waliopita hapa Tabora katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo hata Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Mzigo wa mmoja mara nyingi ulikuwa frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Kama tungaliweza kuupima mkojo wa mpagazi aliyetua mzigo wake Unyanyembe jioni, huenda tungalikuta protini kidogo ndani yake, na kumbe figo zake ni nzima. Sisi tulioshiriki mbio za nyika tu hali moja na yeye. Kwa sababu hiyo mtu asipimwe mkojo mara tu baada ya mbio, akahukumiwa kuwa mgonjwa.

Sita, kuna vijana wa umri wetu ambao hutoa protini wakiwa wamesimama mchana, na wakilala usiku haitoki. Hali hii haiharibu figo. Ndiyo maana daktari huweza kuagiza mkojo wa kwanza wa asubuhi, mara mtu aamkapo. Ukiwa safi, ilhali ule wa mchana una protini, mambo huwa yamefahamika.

POVU LENYE MAANA

Lakini yapo magonjwa yanayotoboa chujio, nayo hayako mbali nasi.

La kwanza kwa watu wazima ni kisukari, na la pili ni shinikizo la damu. Yote mawili huharibu mishipa midogo ya figo polepole kwa miaka mingi, bila maumivu. Wazazi wetu wengi wanayo nao hawajui. Kwao povu laweza kuwa ishara ya mapema, na mara nyingi hata povu halionekani. Kwa hiyo mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe mkojo angalau mara moja kila mwaka, hata kama anajiona mzima.

Kwa watoto na vijana kuna ugonjwa ambao chujio huachia protini nyingi ghafula, na mwili ukavimba. Huo ndio uliompata Jemadari. Tena kuna ugonjwa wa figo unaofuata vidonda vya koo, au upele uliotunga usaha, baada ya majuma machache. Mtoto huvimba uso, na mkojo wake huwa kama chai ya rangi. Wengi hupona wakitunzwa vema. Basi upele wa bwenini si jambo la kuachwa.

Malaria nayo imo. Katika miaka ya 1960 Daktari Kibukamusoke na wenzake wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walionyesha kwamba wagonjwa wengi waliovimba kwa kupoteza protini walikuwa na aina ya malaria ambayo homa yake hurudi kila baada ya saa 72. Aina hiyo si ile inayotupata zaidi hapa kwetu. Hii ya kwetu ikiwa kali sana yaweza kupasua chembe za damu, mkojo ukawa mweusi, na figo zikasimama. Huo ndio ugonjwa ulioogopwa na wasafiri wa zamani kwa jina la homa ya mkojo mweusi.

Kichocho hupatikana katika mabwawa na majaruba ya mpunga penye konokono wa ugonjwa huo. Dalili yake kubwa ni damu, hasa mwisho wa kukojoa. Kisipotibiwa huharibu kibofu, na hata figo. Virusi vya Ukimwi na selimundu pia huweza kuharibu chujio.

Kwa mama mjamzito jambo hili ni la haraka kuliko yote. Baada ya juma la 20 la mimba, protini katika mkojo pamoja na shinikizo la juu la damu huweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Kliniki ya wajawazito hupima mkojo kwa sababu hiyo. Mama asione ni usumbufu kupewa kile kikopo.

Mwisho, kuna madhara ambayo mtu hujiletea kwa mkono wake. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa siku nyingi bila ushauri, hudhuru figo. Baadhi ya dawa za mizizi hufanya vivyo hivyo. Sisemi kwamba kila mzizi ni sumu, lakini chujio lililokwisha kutoboka lisiongezewe mzigo.

LINI TUOGOPE?

Nimeyaweka haya kwa ufupi ili kila mmoja aweze kuyakumbuka.

1. Povu likitokea siku moja moja na kupotea upesi, kunywa maji, uache kuogopa.

2. Povu likiwa jeupe, zito, likakaa dakika kadhaa, na likarudi kila siku kwa juma zima ingawa unakunywa maji ya kutosha na choo hakina sabuni, nenda ukapimwe mkojo. Usinunue dawa kabla ya kupimwa.

3. Nenda siku ile ile, usingoje juma, ikiwa pamoja na povu kuna lolote kati ya haya: uso au miguu kuvimba, mkojo wenye damu au wenye rangi ya chai, mkojo kupungua sana, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, kupumua kwa shida, au ikiwa mwenye povu ni mjamzito.

4. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, selimundu au virusi vya Ukimwi asingoje povu. Apimwe kwa zamu yake.

Kipimo chenyewe ni chepesi, wala hakiumi. Kijiti chenye vipande vya rangi huchovywa katika mkojo, na mahali pa protini hugeuka kutoka njano kuwa kijani. Kadiri protini inavyozidi, ndivyo kijani kinavyokolea. Kazi hii hufanywa hata katika vituo vya afya, si katika Hospitali ya Kitete pekee. Kijiti kikionyesha protini, kipimo hurudiwa siku nyingine, shinikizo la damu hupimwa, na damu huchukuliwa ili kuona kiasi cha kreatinini, yaani taka ambayo figo nzima huiondoa.

Kwa nini tuhimizane hivi? Kwa sababu figo ni mvumilivu kupita kiasi. Yaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na mtu asijue. Zikifa kabisa, hubaki njia mbili tu. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, mara nyingi mara tatu kwa juma, katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Ya pili ni kupewa figo ya mtu mwingine, kazi ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliifanya kwa mara ya kwanza katika nchi yetu Novemba 2017. Njia zote mbili ni ghali na ni safari ndefu kwa mzazi wa Urambo au Sikonge. Kijiti cha kupimia mkojo ni rahisi mno ukikifananisha na hayo.

MWISHO

Mtapenda kujua habari za Jemadari. Alilazwa, akapewa dawa iitwayo prednisoloni, na akakatazwa chumvi nyingi. Muhula mmoja ulimpita akiwa nyumbani. Sasa amerudi darasani, ingawa yuko nyuma yetu kwa masomo mengi. Kila mwezi huenda kupimwa, na kila asubuhi hutazama mkojo wake mwenyewe. Povu limepungua sana. Daktari amemwambia kwamba ugonjwa huu huweza kurudi, kwa hiyo asiache dawa kwa kujiona mzima. Bibi yake naye, ambaye alitaka mjukuu arudishwe kwa ajili ya uchawi, ndiye anayemkumbusha vidonge kwa simu kila Jumapili.

Siku moja nilimwuliza kama alihisi jambo lolote wakati ule tulipokuwa tukishindana. Akanijibu, "Nilianza kuwa na wasiwasi, lakini mlikuwa mkinisifu. Ningewezaje kusema kwamba naumwa?"

Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko yote niliyoyasoma. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini Jemadari hakuyaficha maradhi yake peke yake. Sisi wenzake tulimsaidia kuyaficha kwa makofi yetu. Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa mabweni yote, mashindano yale yaishe. Na mwenzenu akivimba uso asubuhi, msimwambie kwamba amelala mno. Mpelekeni kwa mwalimu wa zamu.